UZI: Nchi "itapigwa mnada", bandari "imeuzwa", kila Mtanzania "anadaiwa milioni". Mifano ya waandishi inatuelewesha au inatupoteza?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi usiku.

Nimefanya kazi chumba cha habari, dawati la uchumi, kwa hiyo nimeona kwa macho yangu habari ya fedha za umma inavyotengenezwa hadi ikafika kwenye meza ya muuza magazeti. Uongo wa moja kwa moja ni mchache kuliko watu wanavyodhani. Kinachoniuma ni ile mistari inayosema jambo hili kubwa ni sawa na jambo lile dogo unalolijua nyumbani kwako. Takwimu msomaji anaisahau kesho yake asubuhi. Mfano unabaki miaka, na kila habari mpya ikija anaipima kwa mfano huo huo.

Tuanze na mnada.

Mwishoni mwa Desemba 2021 marehemu Job Ndugai, wakati huo Spika wa Bunge, alizungumzia mikopo ya Serikali akiwa Dodoma. Nchi ilikuwa imetoka kuchukua mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na tozo za miamala ya simu zilikuwa bado zinawachoma watu. Akahoji kama ni sawa kuendelea kukopa wakati deni limefika trilioni 70. Akasema ipo siku nchi itapigwa mnada. Rais Samia alimjibu hadharani tarehe 4 Januari 2022, na tarehe 6 Spika akajiuzulu.

Kwa habari ya siasa, hapo kulikuwa na kila kitu. Lakini rudi usome yaliyoandikwa wiki zile: nani kamjibu nani, nani yuko upande wa nani, nani atarithi kiti. Swali ambalo lingemsaidia mwananchi halikupewa nafasi: nchi ikishindwa kulipa, hasa kinatokea nini?

Na majibu yalikuwepo jirani kabisa. Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati fungani yake (karatasi ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) mwezi Novemba 2020. Sri Lanka ikafuata Aprili 2022, Ghana Desemba mwaka huo huo. Kote huko hakuna dalali aliyepanda jukwaani kuinadi nchi. Sri Lanka watu walikesha kwenye foleni za petroli na gesi, dawa zikaadimika hospitalini, na Julai Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi. Ghana, mapema 2023, wastaafu waliandamana mpaka Wizara ya Fedha pale Accra kupinga hati fungani zao kuingizwa kwenye mpango wa kupanga upya deni. Wazee wa watu, mabango mkononi, wanadai akiba ya uzeeni waliyoikopesha serikali yao wenyewe.

Sasa ona mfano wa mnada unavyotugeuza shingo. Unatufanya tutazame nje tukimtafuta mnunuzi, wakati wa kwanza kuumia ni mstaafu wa hapa hapa na mgonjwa anayehitaji dawa inayoagizwa kwa dola. Tena unampa mtawala njia nyepesi ya kutokea. Akijibu kwamba nchi haipigwi mnada, atakuwa amesema kweli, na mjadala utaishia hapo bila swali lenye maana kuguswa.

Najua kuna mtu tayari anaandika "Hambantota". Nimemtangulia. Bandari ile ya Sri Lanka ilikodishwa mwaka 2017 kwa kampuni ya China Merchants kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12. Inasimuliwa kila mahali kwamba Wachina waliichukua kwa sababu ya deni lisilolipwa. Lakini fedha zile hazikufuta mkopo wa bandari. Mkopo ulibaki pale pale, na dola zilikwenda kuongeza akiba ya fedha za kigeni, maana Sri Lanka ilikuwa imebanwa na wadai wengine. Fungu kubwa la deni lake la nje lilikuwa la wenye hati fungani za masoko ya kimataifa. Mkataba wa miaka 99 unaweza kuwa mbaya sana, mimi siutetei. Lakini ukiusimulia kama nyumba iliyonadiwa na benki, umemkosa mdaiwa, umemkosa mdai, na umekosa sababu.

Mwaka 2018 hadithi hiyo ikahamia Mombasa. Barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Kenya ilivuja Desemba, ikiihusisha Mamlaka ya Bandari na dhamana ya mkopo wa reli ya SGR, ule wa benki ya Exim ya China, zaidi ya dola bilioni 3 kwa kipande cha Mombasa hadi Nairobi. Serikali ya Kenya ikakanusha. Magazeti yalikuwa tayari na mfano mkononi kutoka Sri Lanka, kwa hiyo msomaji alipewa mwisho wa hadithi kabla hajaonyeshwa vifungu vya mkataba.

Ya pili: "kila Mtanzania anadaiwa."

Hii naijua inavyozaliwa. Ni saa kumi na moja jioni, kurasa zinakaribia kufungwa. Mwandishi ameleta habari kutoka taarifa ya Benki Kuu, ina trilioni kibao na asilimia za kila namna. Mhariri wa zamu anauliza swali la haki kabisa: mama wa Tandale ataielewaje hii? Mtu anachukua simu, anafungua kikokotoo, anagawa deni kwa idadi ya watu. Trilioni 70 kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022 unapata kama shilingi milioni 1.1. Kesho yake ukurasa wa kwanza: kila Mtanzania anadaiwa zaidi ya milioni.

Hesabu ni sahihi. Hakuna wa kuipinga. Lakini imemweka mtoto mchanga wa Kibondo kwenye mstari mmoja na mwenye ghala Kariakoo na kampuni ya madini, kana kwamba wote watatozwa sawa. Deni la Serikali linalipwa kwa kodi, na kodi ina watu wake: yupo anayelipa kwenye kila lita ya petroli, yupo anayekatwa kwenye mshahara kabla hajaugusa, na yupo mwenye msamaha wa kodi. Nani analipa zaidi? Hapo ndipo siasa ilipo, na kugawa kwa vichwa kumeifuta.

Na habari yenyewe ilikuwa ndani ya hotuba ya bajeti. Bajeti ya 2021/22 ilikuwa trilioni 36.3. Humo ndani zaidi ya trilioni 10 zilitengwa kuhudumia deni. Zaidi ya robo. Huo nao ni ulinganisho, tena hauhitaji mtoto wa Kibondo wala dalali. Unaweka deni kando ya mfuko utakaolilipa, msomaji anaona mwenyewe nini kimebaki kwa ajili ya dawa na walimu.

Ya tatu nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu anaijua: nchi ni kama familia, baba hawezi kutumia kuliko kipato. Wanasiasa wanaipenda wakitaka kubana matumizi, na waandishi wanainukuu bila kuhoji. Familia haitozi kodi. Familia haina sarafu yake. Familia haikopi leo kulipa hati fungani iliyoiva leo, miaka nenda rudi. Kwa hiyo mfano unatutisha mahali ambapo hakuna la kutisha. Halafu unatuliwaza mahali pa hatari. Sehemu kubwa ya deni letu la nje iko kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300 na kidogo, katikati ya 2024 ilikuwa inakaribia 2,700. Deni la dola milioni moja lilipanda kutoka bilioni 2.3 kuelekea 2.7 bila mtu yeyote kusaini mkopo mpya. Kwenye familia yako hilo halipo, kwa hiyo ukifikiri kwa mfano wa familia hutaliona hata likupite mbele ya macho.

Msimamo wangu, ili tujadili: mwandishi akitaka kutueleza fedha na madaraka, alinganishe kitu na mwenzake wa kweli. Deni na makusanyo. Mkataba na mkataba wa jirani. Bei ya mwaka huu na ya mwaka ule. Picha za nyumba, mnada na ndoa zije mwisho kabisa, hesabu ikishakaa mezani.

Karibuni.

Mzee wa Chumbageni

Mleta uzi umeandika vizuri lakini unaongea kama mtu aliyekaa ofisini. Trilioni ni nini kwa mtu wa kijiweni? Hata mimi niliyekuwa karani miaka yote hiyo siwezi kuiona trilioni kichwani. Bila mfano watu hawatauliza kitu, na hiyo ndiyo furaha ya wezi. Kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow tusingeielewa kama magazeti yasingetuambia ni madarasa mangapi.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwamba trilioni haionekani, na darasa ni kipimo kizuri. Nitakuambia kwa nini ni kizuri, kisha nikuonyeshe mahali kinapoteleza.

Kwenye ile fedha ya UVIKO Serikali ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa, madarasa 15,000. Hiyo ni bei iliyotangazwa na Serikali yenyewe, majengo yapo, unaweza kwenda kuyagusa. Kwa bei hiyo bilioni 1 ni madarasa 50 na trilioni ni madarasa 50,000. Msomaji akishakuwa na kipimo hicho anaweza kupima habari yoyote mwenyewe bila kumsubiri mwandishi.

Sasa chukua Escrow. Novemba 2014 kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, PAC, chini ya Zitto Kabwe ilipeleka bungeni ripoti ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, shilingi bilioni 306. Gawanya kwa milioni 20: madarasa 15,300. Karibu sawasawa na madarasa yote ya UVIKO. Inashtua, na inafaa ishtue. Lakini ona mambo mawili.

La kwanza dogo: milioni 20 ni bei ya 2021, na bilioni 306 ni fedha ya 2013 na 2014. Kwa bei za wakati ule madarasa yangekuwa mengi zaidi. Mwandishi makini anaandika mwaka wa bei, ni maneno mawili tu.

La pili kubwa. Ugomvi wote wa Escrow ulikuwa juu ya swali moja: fedha zile ni za nani? PAC ilisema ndani yake kuna fedha za umma. Upande wa Serikali ulisema ni za IPTL, kampuni binafsi iliyokuwa ikiiuzia TANESCO umeme, na Rais Kikwete alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 22 Desemba 2014 alisimamia kwamba si za umma. Ukiandika "sawa na madarasa 15,300" umeshatoa hukumu kwamba zilikuwa za umma, maana fedha binafsi hazijengi shule ya kata. Mimi binafsi naamini PAC ilikuwa na hoja nzito. Lakini hoja hiyo ilitakiwa ielezwe: ankara za umeme za TANESCO, mgogoro wa tozo ya uwekezaji, maana ya akaunti kuwekwa mahali pa kusubiri mgogoro uishe. Gazeti lililorukia madarasa lilimnyima msomaji silaha ambayo angeihitaji mwezi uliofuata, pale upande wa pili ulipoanza kujibu.

Mfano wa kinyume chake ni rada. Kampuni ya BAE ya Uingereza ilituuzia rada ya pauni milioni 28. Kesi ilipokwisha Uingereza, kampuni ililipa pauni milioni 29.5, na zikaenda kununua vitabu na madawati ya shule zetu. Hapo ukilinganisha rada na madawati huchori picha tena, unasoma stakabadhi.

Na kwa kuwa umetaja Escrow, tusisahau kwamba wenye fedha nao wana vipimo vyao. Andrew Chenge, akiwa waziri mwaka 2008, aliita zaidi ya dola milioni moja kule Jersey vijisenti. Profesa Anna Tibaijuka, naye aliyekuwa waziri, alipoulizwa kuhusu bilioni 1.6 za Escrow alizopokea, ikasikika habari ya milioni 10 za mboga. Waandishi walicheka, sisi tukacheka, vikatuni vikachorwa. Mshahara wa kima cha chini serikalini wakati ule haukuzidi shilingi 300,000 kwa mwezi. Milioni 10 ni karibu miaka 3 ya kazi ya mhudumu wa ofisi. Mstari huo mmoja ukiuweka chini ya nukuu ya mboga, kicheko kinakata.

Jirani wa Eldoret

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Naomba kuchangia kutoka huku kwetu Kenya, kwa sababu hapa mfano uliwahi kumfikisha mtu kwenye Seneti.

Mwanzoni mwa 2023 Naibu Rais wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema serikali ni kama kampuni yenye hisa, kuna wenye hisa nyingi, kuna wenye chache na kuna wasiokuwa nazo. Maana yake waliopigia kura mrengo wao wale kwanza. Vyombo vya habari vilimkosoa, ndiyo, lakini vikaupokea mfano wenyewe vikautumia. Kila uteuzi ukitangazwa, mchambuzi kwenye runinga anauliza eneo hili limepata "hisa" ngapi. Waliompinga nao wakaanza kudai hisa zao! Mtu wa kaunti ambayo haikumpigia Ruto kura analipa kodi ile ile kwenye unga na mafuta, lakini kwa lugha ya kampuni anaonekana kama mgeni aliyekuja kuomba.

Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura 281 za kumng'oa, na maneno hayo ya hisa yalikuwa kwenye mashtaka. Seneti ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11. Yeye alijitetea kwamba alikuwa anaongelea mkataba wa vyama vya muungano. Sasa niambieni, je, wanahabari wangekataa mfano huo siku ya kwanza, wakasema katika Katiba ya 2010 mwenye nchi ni raia na hakuna mwenye hisa zaidi, tungekuwa tumefika pale?

La pili, uchaguzi kama mbio. Agosti 2022 nilikaa mbele ya runinga siku hizo zote. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imeweka Fomu 34A zote, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajijumlishie. Vyombo vya habari vikaajiri vijana wa kunakili fomu. Basi kituo hiki kinaonyesha Ruto yuko mbele, ukibonyeza rimoti, kile kinaonyesha Raila yuko mbele, saa ile ile, kutoka tovuti ile ile. Mtaani kwetu watu walishangilia, wakanuna, wakashangilia tena. Wengine wakaanza kusema kuna kituo kimenunuliwa.

Mleta uzi

Jirani, ahsante sana. Hilo la pili ningependa tulikazie, maana ni mahali ambapo mfano unaweza kumwaga damu.

Kura zilipigwa tarehe 9 Agosti. Baada ya hapo hakuna mgombea aliyekuwa anakimbia. Matokeo yalikuwa tayari yamo ndani ya zile fomu. Kilichokuwa kinasogea ni mkono wa kijana anayenakili: huyu kaanza na fomu za Bonde la Ufa, yule kaanza na za Nyanza. Kila chumba cha habari kilikuwa kinafungua fomu kwa mpangilio wake, kwa hiyo "anayeongoza" alitegemea rundo lililofunguliwa kwanza. Lakini skrini ilichorwa kama mashindano, na watangazaji wakasema fulani amempiku, fulani anapumua kisogoni, pengo linazibwa. Ukishamwambia mtu kwamba mgombea wake alikuwa mbele usiku, halafu asubuhi yuko nyuma, umempa sababu ya kuamini kwamba usiku kuna kitu kimefanyika. Kwenye mbio za kweli mtu hawezi kurudi nyuma bila yeye kupunguza kasi, mwenzake kuongeza, au kuangushwa. Kwenye kuhesabu inawezekana kabisa, na haimaanishi chochote.

Matokeo ya mwisho yalitangazwa tarehe 15: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti ya kura 233,211. Mahakama ya Juu ikayathibitisha Septemba 5. Ukaribu huo ndio uliofanya lugha ya mbio kuwa ya hatari.

Ningependa kuona nini badala yake? Ramani. Onyesha kaunti zipi zimeshaingia na zipi bado, onyesha waliojiandikisha kwenye zilizobaki ni wangapi. Msomaji aone kwamba fomu za ngome fulani hazijafunguliwa, asubiri. Hakuna wa kupikuliwa.

Kuhusu hisa nakuunga mkono. Nyongeza yangu ndogo: huku kwetu mfano wa madaraka ni wa familia. Rais ni Baba, siku hizi ni Mama. Una upole wake na una historia yake tangu Mwalimu. Lakini mwandishi akiuingiza kwenye habari ya ukaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayehoji matumizi anageuka mtoto anayemjibu mzazi. Ripoti ya CAG haihitaji mzazi, inahitaji afisa masuuli, anayewajibika kwa matumizi ya fedha, mwenye jina la cheo na fungu la bajeti.

Binti wa Kurasini

Naomba tuje kwenye bandari ya Dar es Salaam. 2023 mlitugombanisha hadi ndugu wakanuniana. Wengine "imeuzwa", wengine "imekodishwa". Nani alikuwa mkweli?

Mleta uzi

Dada, tuweke tarehe kwanza. Makubaliano ya kiserikali, Tanzania na Dubai, yalisainiwa Oktoba 2022. Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023. Kesi ya kuyapinga Mahakama Kuu Mbeya ilitupwa Agosti. Tarehe 22 Oktoba 2023 ikasainiwa mikataba yenyewe ya utekelezaji na kampuni ya DP World ya Dubai, ya miaka 30, gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam, na kupimwa utendaji kila baada ya miaka 5.

Aliyesema imeuzwa alikosea, umiliki wa bandari haukuhamishwa. Lakini aliyejibu "ni kama kumpangisha mtu chumba" mwezi Juni naye alificha jambo. Mpangaji ana mkataba wenye tarehe ya kuisha, na makubaliano yaliyopelekwa bungeni hayakuwa na miaka iliyotajwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya wanasheria waliopinga, kifungu kwa kifungu. Ikamezwa na kelele za kuuza na kupangisha. Waliokuwa na hoja ya kisheria wakahesabiwa pamoja na waliosema nchi imeuzwa, na Serikali ikapata urahisi wa kuwajibu wote kwa sentensi moja.

Tazama lakini: mikataba ya Oktoba ilipokuja ilikuwa na miaka 30 imeandikwa. Kile kilichokosekana Juni kilikuwepo Oktoba. Kwa maoni yangu hoja ya muda ilifanya kazi. Hiyo ilikuwa habari kubwa, kwamba wananchi walihoji kifungu na kifungu kikajibiwa, na sikuiona kwenye kichwa cha habari hata kimoja, kwa sababu ndani ya "imeuzwa" na "haijauzwa" hapakuwa na nafasi yake.

Kilichokosekana kabisa ni kulinganisha na mwenzake wa kweli. Kitengo cha makontena cha bandari hiyo hiyo ya Dar es Salaam kiliendeshwa na kampuni ya TICTS kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwisho wa 2022. Tulikuwa na mkataba wetu wenyewe, wa mahali pale pale, wa kupima nao: meli zilisubiri muda gani, Serikali ilipata nini, mkataba uliongezwa na nani. Badala yake tukaenda kutafuta mfano kwenye vyumba vya kupanga.

Mwandishi wa Zamu

Mimi bado niko chumba cha habari kwa hiyo niseme ukweli. Kichwa cha ukurasa wa kwanza kina maneno kama sita. "Nchi itapigwa mnada" ni matatu na yanauza gazeti. Siku hizi hata magazeti hawanunui, wanasoma vichwa pale mezani wanaondoka, au wanaviona kwenye simu. Nipe basi kichwa cha deni chenye maneno sita, kisicho na mnada wala kila Mtanzania.

Mleta uzi

Ndugu yangu, changamoto nimeipokea, na najua shinikizo lako.

"Robo ya bajeti yaenda kwenye madeni." Sita.

Chini yake sentensi ya kwanza itaje trilioni 10 na trilioni 36.3. Ya pili itaje fungu hilo lilikuwa kiasi gani mwaka uliotangulia, msomaji aone linapanda au linashuka. Ya tatu iseme kwamba sehemu ya fedha hizo ni kulipa hati fungani zilizoiva hapa ndani, ambazo kwa kawaida hulipwa kwa kuuza nyingine, na sehemu inakwenda nje kwa dola. Hapo umeshamwambia kwa nini bei ya dola inamhusu hata kama hajawahi kuishika.

Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza biashara ya dunia kwa wakulima kwa njia hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa akiuliza lori lile lile linahitaji pamba au tumbaku kiasi gani mwaka huu, na lilihitaji kiasi gani miaka michache nyuma. Mkulima wa Shinyanga alijua mzigo wa pamba, na lori alikuwa akiliona pale ginneri likipakia marobota. Vyote viwili vilikuwa bidhaa halisi zenye bei halisi, na aliyetaka kuhakiki alikuwa na pa kuanzia.

Hotuba ya bajeti inasomwa Juni, na vitabu vya makadirio vinapatikana kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Fungu la deni ni namba 22. Ukilifungua siku hiyo hiyo kabla ya kurasa kufungwa, niandikie hapa nikusaidie kugawa.